Mapipa mawili ya pinot noir kwa njia ya mashamba ya familia ya Burgundy

Pinot noir ni zabibu nyeusi yenye ganda jembamba na vichala vilivyobanana, na mambo hayo mawili huamua karibu kila hatua iliyo hapa chini. Ganda lake halina rangi nyingi wala tanini nyingi (kile kinachokausha ulimi). Sehemu kubwa ya tanini imo kwenye mbegu, nayo ni kali. Anayeikoroga na kuikamua kwa nguvu ili apate mvinyo mweusi huishia kupata uchungu. Vichala vilivyobanana navyo hushika maji ya mvua ndani kwa ndani, na ukungu huanzia katikati, mahali ambapo jicho halifiki. Kazi yote ni kuwahi na kushika taratibu.

Kwao ni Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, kwenye mteremko wa Côte d'Or unaoanzia kusini mwa Dijon na kuendelea kilomita 50 hivi hadi ng'ambo ya Beaune. Sheria ya mirathi ya Ufaransa hugawa ardhi kwa watoto wote, na baada ya vizazi kadhaa mashamba yamekatikakatika. Clos de Vougeot, hekta 50 hivi ndani ya ukuta mmoja, ina wamiliki wapatao 80. Familia yenye hekta nane inaweza kuwa na vipande kumi na zaidi katika vijiji vitatu vinne. Badala ya kuvichanganya, mashamba mazuri huchuma kila kipande siku yake na kukipa tangi lake, na yule aliyepogoa mwezi wa kwanza ndiye anayezamisha maganda mwezi wa tisa. Anajua ni safu ipi huchelewa kuiva na ni kona gani hushika unyevu.

Vipimo vya mwongozo huu ni vya kipande kimoja kidogo: kilo 650 za zabibu, tangi la wazi la lita 1,000, mapipa mawili ya lita 228 (ndicho kipimo cha pipa la Burgundy) na lita chache za akiba. Kadiria kilo 1.3 za zabibu kwa kila lita ya mvinyo.

Shambani

Mizabibu ya Côte d'Or hupandwa kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, yaani 10,000 kwa hekta, na karibu yote imebebeshwa juu ya mashina yenye asili ya Marekani kwa sababu ya filoksera, kidudu cha mizizi kilichoteketeza mizabibu ya Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Kwa mvinyo wa ngazi ya kijiji (daraja la kati la Burgundy) lenga lita 4,000 kwa hekta. Ukigawanya, ni lita 0.4 kwa mzabibu, sawa na nusu kilo ya zabibu na kidogo juu yake. Kichala cha pinot kina gramu 100 hivi, kwa hiyo mzabibu mmoja ubebe vichala vitano au sita, basi. Kilo 650 zitatoka kwenye mizabibu 1,250 hivi.

Pogoa kati ya Januari na Machi. Acha tawi moja la macho sita hadi nane, na kijiti cha macho mawili kitakachotoa tawi la mwaka ujao. Wengi huacha vipande vya bondeni viwe vya mwisho, kwa makusudi: ukipogoa Machi macho huchelewa kufunguka, na jalidi ya Aprili hukuta machipukizi machache. Burgundy ilipigwa vibaya na jalidi Aprili 2016, ikapigwa tena Aprili 2021. Kinga iliyozoeleka ni kuwasha ndoo za nta katikati ya safu, 300 hadi 500 kwa hekta. Ni gharama kubwa kwa usiku mmoja, na upepo ukivuma joto lote linakwenda.

Mei, machipukizi yakiwa na urefu wa kidole, toa ya ziada kwa mkono. Hapo ndipo mavuno hupunguzwa kwa faida. Kukata vichala Julai au Agosti ni kurekebisha uzembe wa Mei, na ukikata mapema mno zile zabibu zilizobaki huvimba na kubanana zaidi. Baada ya maua kupukutika, ondoa majani yaliyo usawa wa vichala upande wa jua la asubuhi tu, ili umande ukauke mapema. Upande wa magharibi yaache, kwa sababu jua la alasiri huunguza ganda.

Magonjwa yanayosumbua ni mawili. Ubwiri vinyoya huzuiwa kwa shaba, ambayo sharti iwe tayari juu ya jani kabla ya mvua. Ukinyunyiza baada ya mvua umechelewa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba, kwa hiyo mwaka wa mvua nyingi unakula akiba ya miaka mingine. Ubwiri unga huzuiwa kwa salfa. Dozi ya mwisho ya salfa iwe wiki tano hivi kabla ya kuchuma, maana ile inayobaki kwenye ganda hugeuzwa na hamira kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza.

Siku ya kuchuma

Tangu maua hadi mavuno ni siku 100 hivi. Zikibaki siku kumi, chukua punje 200 kutoka pande zote mbili za safu, juu na chini ya vichala, uziponde ndani ya mfuko na upime juisi. Unatafuta Briksi (kipimo cha sukari) 22 hadi 23.5, ambayo itakupa alkoholi ya asilimia 12.5 hadi 13.5, na pH (hupanda asidi ikipungua) kati ya 3.3 na 3.4. Kisha tafuna. Mbegu iwe ya kahawia na ipasuke mdomoni kama karanga kavu. Ikiwa bado ya kijani na inanata, subiri kama hali ya hewa inakuruhusu. Pinot ikishaiva hukupa siku tatu au nne tu. Zikipita, asidi inashuka, ganda linalegea, na harufu ya cheri mbichi inageuka kuwa ya jemu.

Mvua ikitabiriwa, tazama ukungu wa kijivu kabla ya kutazama sukari. Ukikuta kichala kimoja kati ya ishirini kimeanza, chuma hata kama Briksi ni 21. Sukari pungufu ina dawa. Ganda lililooza halina: ukungu huo hutoa kimeng'enya kiitwacho lakasi kinachogeuza rangi nyekundu kuwa ya kahawia, na salfa haikizuii ipasavyo.

Chuma asubuhi, kwa mkono, kwenye kreti za kilo 20. Kreti kubwa zaidi hufanya vichala vya chini vipasuke, na juisi ianze kuchacha njiani. Utahitaji kreti 33.

Wakulima wa Dodoma watauliza kama haya yanawahusu. Pinot yenyewe, hapana: mizabibu ya Dodoma hailali kwa baridi, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na joto lile huimaliza asidi ya pinot kabla ganda halijaiva. Barani Afrika zabibu hii imepata makao Hemel-en-Aarde karibu na Hermanus, Afrika Kusini, ambako upepo wa baharini huipoza. Familia ya Hamilton Russell ilinunua shamba lake huko mwaka 1975. Ila hesabu za salfa, usafi wa mapipa na hatari ya gesi ni zilezile kwa zabibu nyekundu ya mahali popote, Makutupora ya Dodoma ikiwemo.

Vikonyo: kuvitoa au kuviacha

Mwaga kreti moja moja juu ya meza. Toa majani, punje zilizokauka, zilizooza na za waridi ambazo hazijaiva. Kichala kinachotia shaka kifungue kwa vidole, ukinuse. Kikinuka siki, tupa chote. Usihangaike kuokoa punje tatu.

Sasa unafika kwenye uamuzi unaozigawa familia za Burgundy. Henri Jayer, mtengeneza mvinyo mashuhuri wa kijiji cha Vosne-Romanée, alitoa vikonyo vyote. Mashamba ya Domaine Dujac na Domaine de la Romanée-Conti yamejulikana kwa kuacha vichala vizima kwa wingi. Pande zote mbili hutoa mvinyo bora, kwa hiyo usimsikilize anayekuambia kuna jibu moja. Vikonyo huongeza tanini na harufu ya viungo na maua, na hufungua njia ili juisi na joto vipite vizuri kati ya maganda. Upande wa hasara, hunyonya rangi, hushusha alkoholi kidogo, na potasiamu yake hupandisha pH. Vikiwa vibichi vya kijani huleta ladha ya majani mabichi ambayo haitoki hata ikae miaka.

Kata kikonyo na ukitafune. Kikiwa kimeanza kuwa cha kahawia kwenye viungio na ladha yake inaelekea viungo, acha asilimia 30. Kikiwa kijani na kinakereketa ulimi, toa vyote. Na pH ya juisi ikiwa tayari 3.5, toa vyote pia, hata vikonyo viwe vizuri namna gani. Kwa kipimo chetu asilimia 30 ni kreti kumi: ziweke nzima chini ya tangi bila kuziponda. Zilizobaki zipitishe kwenye mashine ya kutoa vikonyo huku roli za kupondea zikiwa zimefunguliwa, ili punje nyingi zitoke zikiwa nzima na kuangukia juu ya zile za chini. Usitumie pampu. Rojo ya zabibu ishuke kwa uzito wake yenyewe, kwa sababu pampu husaga mbegu na ganda na kukupa tope ambalo utapambana nalo hadi siku ya chupa.

Kila ukiweka tabaka nyunyizia salfa. Kadiria lita 500 za juisi na miligramu 30 kwa lita: ni gramu 15 za salfa dioksidi. Poda ya potasiamu metabisalfaiti ina asilimia 57 tu ya gesi hiyo, kwa hiyo pima gramu 26 na uyeyushe katika maji kidogo. Zabibu zikiwa na ukungu panda hadi 50 kwa lita. Zikiwa safi kabisa wengine huacha kuweka. Hilo ni la mwenye uzoefu na mwenye baridi ya kutosha.

Siku za baridi na hamira mama

Kabla ya kuchacha, rojo hulala kwenye nyuzi 10 hadi 12 kwa siku nne. Hakuna alkoholi bado, na maji matupu hutoa rangi na harufu kwenye ganda bila kugusa tanini ya mbegu. Kama huna tangi lenye ubaridi tumia barafu kavu. Kwa kilo 650 hesabu kilo tano hivi kwa kila nyuzi moja unayotaka kushusha. Funika tangi kwa shuka safi la plastiki ili gesi ibaki juu na vijinzi visiingie. Mara moja kwa siku lowesha maganda ya juu kwa ndoo mbili tatu za juisi, bila kukoroga.

Nusa asubuhi na jioni. Harufu ya gundi au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha maana yake hamira za mwitu zimeanza kazi mapema. Kidogo hupotea wakati wa kuchacha. Ikizidi, usingoje siku ya nne: acha joto lipande na uweke hamira nzuri siku hiyohiyo.

Mashamba mengi ya familia hutegemea hamira ya shamba lenyewe, lakini hawaiachi ijitokee tu ovyo. Siku tano kabla ya mavuno, chuma kilo 15 za zabibu safi kabisa, uziponde, uweke mahali pa nyuzi 22 hadi 25, ukoroge mara tatu kwa siku. Ikichangamka na kutoa povu, pima na kuonja. Yenye harufu safi ya matunda na mkate ndiyo hamira mama yako. Lita 10 hadi 15 zinatosha kuamsha tangi zima. Ni afadhali uandae vyombo viwili, na kile kisichonuka vizuri umwage bila huruma. Hamira ya dukani nayo si aibu. Weka gramu 100 hadi 125, uilowanishe kwanza katika maji ya nyuzi 37 hadi 40 yenye uzito mara kumi wa hamira, kwa dakika 20, halafu uongeze juisi kidogo kidogo hadi tofauti ya joto na tangi iwe chini ya nyuzi 10. Ukiimwaga ya moto kwenye rojo ya baridi nusu yake hufa. Aina ya RC212, iliyotolewa Burgundy yenyewe, huheshimu harufu ya pinot lakini inakula nitrojeni sana. Ikikosa chakula hutoa harufu ya mayai viza.

Kuchacha

Pima densiti (uzito wa juisi ukilinganishwa na maji, hushuka sukari inapoliwa) na joto asubuhi na jioni, uandike ukutani pale penye tangi. Juisi ya Briksi 23 huanzia 1.096 hivi. Joto lipime ndani ya tabaka la maganda lililoelea juu, si kwenye juisi ya chini, kwa sababu tabaka linaweza kuwa la moto zaidi kwa nyuzi tano hadi nane.

Kutoka mwanzo hadi densiti 1.060, zamisha maganda mara mbili kwa siku, kwa mti wenye sahani bapa au kwa miguu iliyooshwa. Hapa alkoholi bado ni ndogo na unachotoa ni cha ganda, kwa hiyo ndipo pa kufanya kazi. Kati ya 1.060 na 1.020, mara moja kwa siku. Chini ya 1.020 acha kuzamisha. Lowesha tu uso wa maganda ili usikauke na kugeuka siki. Alkoholi imeshapanda, na kila msukumo sasa unakwenda kwenye mbegu. Kosa linaloharibu pinot nyingi ni kuongeza nguvu mwishoni kwa kuona rangi imekuwa hafifu. Rangi ya pinot hufika kileleni mapema kisha hushuka yenyewe; weusi haupo wa kuufuata.

Kilele cha joto kiwe nyuzi 28 hadi 30, kwa siku moja au mbili. Likizidi 33 hamira huanza kufa na sukari hubaki. Lisipofika 25 mvinyo hutoka mwepesi wenye harufu ya pipi. Tangi la lita 1,000 hupoteza joto upesi, kwa hiyo ghala likiwa la baridi tatizo lako litakuwa kulifikisha huko. Lifunge blanketi kuanzia densiti 1.080.

Nitrojeni ipimwe maabara mapema. Lengo ni miligramu 150 hadi 200 kwa lita. Ukikuta 120 na unataka 170, weka gramu 125 za diamonia fosfeti (chakula cha nitrojeni cha hamira) kwa lita 500, nusu kuchacha kukianza na nusu densiti ikifika 1.065. Baada ya 1.040 usiweke tena. Hamira haitaila, na watakaoila ni bakteria na hamira waharibifu baadaye.

Kama alkoholi inahitaji kunyanyuliwa, gramu 17 za sukari kwa lita huongeza asilimia moja. Nusu asilimia kwa lita 500 ni kilo 4.25. Desturi ya Burgundy ni kuigawa mara tatu na kuiweka mwishoni, kuanzia densiti 1.010, ikiwa imeyeyushwa katika juisi iliyotolewa tangini. Zile siku mbili tatu za uchachu wa polepole zinazoongezeka hulainisha mvinyo kuliko hiyo alkoholi yenyewe, nami ningesema ndiyo sababu halisi ya wengi kufanya hivyo. Sheria ina kikomo, na rekodi hutunzwa.

Onyo moja lisirukwe. Tangi linalochacha hutoa gesi ya kaboni dioksidi, haina harufu, ni nzito, inajaa chini. Usiiname ndani ya tangi. Usishuke kwenye ghala lililofungwa bila kufungua milango kwanza na kuwasha feni, na weka kipima gesi usawa wa kiuno. Ukimkuta mwenzako ameanguka humo, usimkimbilie kabla ya kupitisha hewa, mtakuwa wawili.

Densiti ikigoma juu ya 1.000 kwa siku mbili, angalia joto kwanza. Mara nyingi ni baridi tu. Lipandishe hadi 24, koroga taratibu mara moja. Ikigoma bado, andaa hamira mpya inayostahimili alkoholi na uizoeshe kwa kuiongezea mvinyo huo kidogo kidogo. Usikamue na kupeleka sukari kwenye pipa ukitumaini itajimaliza.

Kukamua

Kuanzia densiti 1.000 onja kila siku. Kamua siku ambayo ulimi unaanza kukauka kwa nyuma, pale mbegu zinapoanza kusema, na densiti ikiwa 0.993 hadi 0.996. Kwa kawaida ni siku ya 14 hadi ya 18 tangu zabibu ziingie tangini.

Fungua bomba la chini, mvinyo utiririke wenyewe. Utapata lita 420 hivi. Machicha yapeleke kwenye mtambo wa kukamua, uanze na shinikizo la chini, bar 0.2, upande polepole usizidi bar 1. Utapata lita 80 nyingine. Zitenge; za kwanza zitasaidia kujaza mapipa. Sehemu ya kwanza ya hizo huwa tamu na nene, hasa ukiwa umeacha vichala vizima, kwa sababu punje zilizokuwa bado nzima hupasuka na kutoa sukari. Densiti inaweza kupanda tena kidogo. Ya mwisho huwa chungu. Iache kwenye madumu ya kioo hadi masika, ndipo uamue ni kiasi gani kirudi.

Acha mvinyo utulie tangini saa 24 hadi 48. Tope zito libaki chini, mashapo mepesi yaende na mvinyo pipani, maana hulisha bakteria na kulinda dhidi ya hewa.

Pipani

Kwa mapipa mawili ya kiwango cha kijiji, chukua moja lililotumika mara moja na jingine lililotumika mara tatu. Pipa jipya kwenye nusu ya mvinyo wa pinot hufunika kila kitu kwa vanila na moshi. Mashamba hulitumia kwa asilimia 20 hadi 30 kwenye mvinyo wa kijiji, na kuzidisha kwa vipande vya daraja la juu tu vyenye uwezo wa kulibeba. Mwaloni wa misitu ya Ufaransa ya Allier au Tronçais uliokaushwa nje kwa miaka miwili hadi mitatu hauna ukali. Pipa lililotumika linuse kabla ya kununua. Likinuka siki au zizi la farasi, ligeuze kuni, halioshiki. Likiwa zuri, limiminie lita 15 za maji ya moto, lizungushe, lisimamishe kwa kila upande na utazame uvujaji.

Kinachofuata ni asidi ya maliki kugeuzwa kuwa ya laktiki na bakteria. Hutokea kwenye nyuzi 18 hadi 20. Katika maghala baridi ya Burgundy mara nyingi husubiri hadi joto la masika, na familia nyingi hazina haraka. Tatizo la kusubiri ni kwamba kipindi hicho chote mvinyo hauna salfa, kwa hiyo mapipa yajae hadi juu, na ghala liwe safi. Pima kwa karatasi ya kromatografia, inayotenganisha asidi kwa madoa, kila wiki mbili. Doa la asidi ya maliki likipotea, thibitisha maabara kuwa iko chini ya gramu 0.2 kwa lita, na siku hiyo weka salfa: gramu 20 za poda kwa kila pipa, sawa na miligramu 50 kwa lita. Sehemu itafungika. Unachotaka kibaki huru kinategemea pH: miligramu 30 kwa pH 3.5, 38 kwa 3.6, 47 kwa 3.7. Ndiyo maana pH ilisumbua tangu shambani. Rangi itapauka baada ya dozi hii. Hurudi ndani ya wiki chache, usishtuke.

Jaza pipa kila wiki kwa mwezi mmoja wa mwanzo, halafu kila wiki mbili. Pipa hupoteza lita 10 hivi kwa mwaka kwenye ghala la nyuzi 12 hadi 14 lenye unyevu wa asilimia 80. Akiba yako ya lita 40 isikae kwenye dumu moja linalopungua. Igawe kwenye vyombo vidogo vilivyojaa, ufungue kimoja kimoja.

Harufu mbili zitakutafuta. Mayai viza au kiberiti wiki za mwanzo: hamisha mvinyo mara moja kwa kuumwaga upate hewa, na huondoka. Ukichelewa miezi, hugeuka kuwa harufu ya kitunguu na mpira ambayo hewa haiondoi, na hapo hubaki shaba kwa dozi ya majaribio ya maabara. Harufu ya zizi au plasta ya kidonda ni hamira Brettanomyces, inayopenda pH ya juu, sukari iliyosalia na pipa chakavu. Dawa yake ni ile salfa huru isiyoshuka. Ikishaenea kwenye pipa moja, usilichanganye na la pili kwa matumaini ya kuipunguza.

Zaidi ya hapo usiguse. Pinot haihitaji kukorogwa mashapo wala kuhamishwa kila msimu; hamisha mara moja, mwezi mmoja kabla ya chupa, kwa mteremko au kwa gesi, na hapo ndipo mapipa mawili hukutana. Ikae miezi 12 hadi 16 jumla.

Chupani

Onja mchanganyiko kwa viwango vitatu vya mvinyo wa kukamua: sifuri, asilimia 3, asilimia 6. Mara nyingi 3 hujaza katikati ya mdomo bila kukausha mwisho. Lete salfa huru hadi kiwango cha pH yako (miligramu 30 kwa pH 3.5), pima sukari iwe chini ya gramu 2 na maliki chini ya 0.2. Vikiwa sawa na mvinyo ni mwangavu, huna sababu ya kuchuja. Kimojawapo kisipokuwa sawa, chuja, na usione haya. Chupa zinazochacha dukani ni hasara kubwa kuliko harufu kidogo inayobaki kwenye kichujio.

Jaza kwa mpira unaofika chini ya chupa, acha nafasi ya milimita 15 chini ya kizibo, na kama una gesi ya naitrojeni pitisha kidogo kabla ya kujaza. Simamisha chupa siku moja ili kizibo kitanuke, kisha zilaze kwenye nyuzi 12 hadi 14. Utapata chupa 590 hivi. Miezi miwili mitatu ya kwanza mvinyo hufunga na kukosa harufu, kwa hiyo usiuhukumu wala usiuuze bado. Fungua chupa mbili mwezi wa nne baada ya kujaza, moja kutoka mwanzo wa kujaza na moja kutoka mwisho. Zikitofautiana kwa rangi, mwisho wa tangi ulikula hewa, na chupa hizo za mwisho ndizo zitangulie kunywewa.